Chasisi ya spoki na eriali: Hesabu iliyojificha ndani ya gari la waya

MSOMAJI aliyekulia Katumba, Ulyankulu au Mishamo hahitaji kuelezwa gari la waya ni nini. Magurudumu yalikatwa kwenye kandambili zilizochakaa, bodi ikasukwa kwa waya wowote uliookotwa, na usukani ukawa fimbo ndefu iliyofika kiunoni ili dereva aendeshe huku akikimbia. Asiyekuwa na lake aliomba kwa mwenzake, na aliyenyimwa alikwenda kutafuta waya.

Tusichokijua wakati ule ni kwamba upande mwingine wa dunia walikuwapo watu wazima, wenye kazi na familia zao, waliokuwa wakikesha mezani kwa shughuli ileile. Walikunja waya, wakapima, wakachomelea, wakabomoa na kuanza upya. Nao walikuwa wakiunda chasisi ya gari la kuchezea. Tofauti ni kwamba la kwao lilikuwa na mota, na lilikwenda kushindana.

Makala haya yanahusu chasisi hiyo, jinsi inavyochorwa na kuundwa kwa mikono. Yanahusu pia sababu ya mimi kuipeleka darasani hapa Rumonge, ambako kijana aliyerudi kutoka kambi za Tanzania akiwa na miaka 16 anakaa dawati moja na watoto wa miaka 13, na kila asubuhi anapishana njiani na wenzake wanaosukuma baiskeli za mawese na kurudi na fedha mfukoni.

Gari lisilo na usukani

Gari linalozungumzwa hapa linakimbia juu ya ubao au plastiki iliyochongwa mfereji mwembamba, upana wake kama milimita 3. Chini ya pua ya gari kuna ulimi mdogo unaozama ndani ya mfereji huo na kuliongoza. Kulia na kushoto mwa mfereji zimelazwa kanda mbili za shaba zenye umeme, kwa kawaida wa volti 12. Ulimi nao una vifagio viwili vya nyuzi za shaba vinavyosugua kanda hizo na kuupeleka umeme kwenye mota.

Mchezaji ameshika mkononi kidhibiti cha kuongeza na kupunguza umeme, basi. Hakuna kukata kona. Kazi yake ni kujua lini akaze na lini aachie. Akikaza mno kwenye kona, gari linachomoka mferejini na kwenda kugonga ukuta.

Mchezo huu ulipata jina Uingereza mwaka 1957, pale Fred Francis wa kampuni ya Minimodels alipochukua magari yake ya bati ya kujaza kwa kukaza chemchemi, yaliyoitwa Scalex, akayatia mota ya umeme na kuyaita Scalextric. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ikashikwa na homa yake. Kumbi zilifunguliwa mijini zikiwa na njia ndefu zenye mifereji mingi sambamba, kijana analipia muda wake na kushindanisha gari alilokuja nalo mfukoni. Homa hiyo haikudumu. Kufikia mwisho wa miaka hiyo kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa.

Kilichobaki ni ufundi. Waliotaka kushinda hawakuridhika na chasisi za dukani. Walinunua waya wa piano, yaani chuma cha chemchemi kinachotumika kwa nyuzi za kinanda hicho, pamoja na mirija na vipande vya shaba ya njano, ile ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita brasi. Wakavichomelea kwa risasi juu ya ubao, kila mtu kwa mchoro wake. Mota nyingi zilitoka Japani, kwa kampuni ya Mabuchi. Naomba msomaji alishike jina hilo, maana tutakutana nalo tena sehemu ambayo hataitegemea.

Mimi chasisi ya namna hiyo niliishika mara ya kwanza mwaka 2017. Ililetwa na ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye alikuwa kambi ya Mtabila kule Kasulu na kuchukuliwa Marekani katika ule mpango wa kuanzia mwaka 2007 wa wakimbizi wa mwaka 1972. Huko Texas alipata kazi ya ghala, na karibu na ghala hilo palikuwa na duka la mchezo huu. Alipoona wazee wa Kizungu wanakunja waya kwa koleo, anasema, alicheka peke yake mlangoni, kisha akaingia.

Uzito ukae wapi

Mtu asiyejua atadhani gari linalokimbia zaidi ni lile lenye mota kali zaidi. Kwenye njia iliyonyooka ni kweli. Lakini njia haikosi kona, na kwenye kona mota kali ndiyo inayokutoa. Mshindi hupatikana kwenye chasisi.

Fikiria baiskeli iliyobeba madumu mawili ya mawese. Madumu yakifungwa chini, karibu na ekseli, mteremko unashukika. Yakifungwa juu ya keria, kona ya kwanza tu baiskeli inalala. Gari la mfereji lina sheria hiyohiyo. Linapozunguka kona, uzito wake unataka kuendelea mbele moja kwa moja. Ulimi umeishika pua, kwa hiyo mkia ndio unaotoka nje. Uzito ukiwa juu, gari linainuka upande mmoja, magurudumu ya ndani yanaacha kugusa njia, ulimi unatoka mferejini na safari imekwisha. Ndiyo maana wanaojua huishusha chasisi mpaka ibaki nafasi ya milimita moja na nusu hivi kati yake na njia, na wakihitaji kuongeza uzito huongeza shaba chini kabisa, pembeni, si risasi juu ya mota.

Jambo la pili ni ulegevu. Hapa ndipo waya unapoishinda plastiki ngumu. Chasisi ya kuchomelea ina sehemu ya nyuma inayobeba mota na ekseli, na sehemu ya mbele inayobeba ulimi na magurudumu madogo. Zimeunganishwa na reli, yaani waya mbili, nne au zaidi zinazokwenda kwa urefu wa gari. Reli hizo zinapinda kidogo kila gari linapokanyaga kasoro ya njia, na hivyo magurudumu yote mawili ya nyuma yanabaki chini. Reli nene na nyingi mno, gari linarukaruka kama lori tupu. Nyembamba mno, linayumba kama mlevi.

Mafundi wa zamani walikwenda mbali zaidi. Waliufunga ulimi kwenye mkono wenye bawaba, ili pua ya gari ikirushwa juu ulimi uendelee kuning'inia ndani ya mfereji. Kisha wakatenga mabawa ya shaba pembeni, yanayobeba bodi ya plastiki, yakiwa yamefungwa kwa vipini vyenye uwazi ili yachezecheze. Ukilitikisa gari hilo sikioni linalia kama kopo la misumari. Ndugu yangu anasema mgeni hudhani limevunjika.

La tatu ni mota ilale vipi. Ikilala kwa urefu wa gari, mhimili wake lazima ugeuze nguvu kwa pembe mraba kwenda kwenye ekseli, kwa gia yenye umbo la taji. Ni mpangilio wa kwanza na bado una wapenzi, lakini una tabia moja mbaya: mota inapokaza kuzungusha ekseli, mwili wake nao unataka kuzunguka kinyume, na msukumo huo unajaribu kuliinua gurudumu moja la nyuma. Ikilazwa sambamba na ekseli, tatizo hilo linaondoka na gia zinakuwa za kawaida, ila mota lazima iwe fupi ienee kati ya magurudumu. Kuanzia mwaka 1968 wakimbizaji wa Marekani waliingia kwenye njia ya katikati: mota ilalie mshazari, karibu kabisa na ekseli. Magari ya mbio kubwa yanafuata mpangilio huo mpaka leo.

Kwa mwanafunzi anayeanza, mimi ninasema mota ilale sambamba na ekseli. Anayemwanzisha mtoto na gia ya taji anamtafutia sababu ya kuacha.

Vifaa vimo dampo na sokoni

Waya wa piano hapa hakuna. Shaba ya kukata kwa vipimo hakuna. Nilipowaonyesha wanafunzi chasisi ya Texas, wa kwanza kusema neno alikuwa msichana wa darasa la nane, ambaye baba yake ni fundi baiskeli. Aliugusa waya, akaupinda kidogo, akauachia, akasema: “Mwalimu, hii ni spoki.”

Hakukosea sana. Spoki ya baiskeli ya kawaida ina unene wa milimita 2 na chuma chake ni kigumu, kinarudi kikipindwa. Ndiyo ekseli yetu, na ndiyo reli zetu nene. Reli nyembamba tunazitoa kwenye mbavu za miavuli iliyokufa, ambazo msimu wa mvua unatuletea bure. Spoki zinazong'aa kama kioo ni taabu kwa sababu chromu haikamati risasi. Lazima zipigwe tupa hadi chuma chenyewe kionekane. Zile za kijivu, zilizopakwa zinki, zinakamata vizuri.

Bushi, yaani mirija ambamo ekseli inazunguka, zinatoka kwenye eriali ya redio. Wachache wanajua kuwa eriali ile inayovutwa ni mirija ya shaba ya njano iliyopakwa chromu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na upana wake. Unakata vipande viwili vya mrija ambao spoki inapita bila kubana na bila kucheza, na kazi imekwisha. Bamba la shaba la kushikia mota tunalikata kwenye tangi la karabai iliyotoboka. Kwa uzito wa pembeni, hakuna kinachoshinda mwili wa kufuli la shaba uliokatwa kwa msumeno wa chuma, ingawa mkono utauma.

Vifagio vya ulimi ni ule wavu wa nyuzi uliomo ndani ya waya wa eriali ya televisheni. Ulimi wenyewe tunauchonga kwenye plastiki ya dumu. Magurudumu? Kandambili, kama zamani. Yanakatwa kwa mrija uliotiwa makali, yanagundishwa, kisha mota inawashwa na gurudumu linasuguliwa kwenye msasa mpaka liwe duara la haki.

Na mota. Hapa ndipo jina la Mabuchi linaporudi. Kila gari dogo la Kijapani linalochinjwa kwa ajili ya spea lina, ndani ya milango yake, visanduku vya sentaloki. Ndani ya kila kisanduku mna mota ndogo ya volti 12, na mara nyingi ukiifuta grisi unasoma juu yake jina hilohilo la watu waliouza mota za magari ya mfereji miaka ya 1960. Bora zaidi, inakuja na gia yake ndogo kwenye mhimili, na ndani ya kisanduku hichohicho kuna gia kubwa inayooana nayo. Tundu la gia likiwa pana kwa spoki, kipande cha mrija wa kalamu kinaziba pengo.

Angalizo moja. Mota hii imetengenezwa kufanya kazi sekunde moja, kufunga mlango, kisha ipumzike. Ukiizungusha dakika tano mfululizo inachemka na kunuka. Sisi tunakimbiza mizunguko mitano, tunapumzisha. Umeme tunautoa kwenye betri ya pikipiki, na kidhibiti ni kipande cha koili ya jiko la umeme kilichonyooshwa juu ya ubao, mchezaji anatelezesha kibano juu yake.

Kuchora kabla ya kukunja

Wanafunzi wote wanataka kuanza na koleo. Mimi ninaanza na karatasi ya miraba.

Tunaunda kwa kipimo cha moja kwa 24. Gari lenye urefu wa mita 2.4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma linakuwa la milimita 100. Upana hauzidi milimita 80. Kutoka ekseli ya nyuma hadi kiungo cha ulimi tunaweka milimita 125: ukiurefusha umbali huo gari linatulia kwenye kona ndefu lakini linakuwa zito kugeuka kwenye kona fupi. Mwanafunzi anachora kwa ukubwa halisi, akiangalia juu kama ndege, kisha kutoka ubavuni.

Halafu hesabu ya gia. Gia ndogo ikiwa na meno 10 na kubwa 40, mota inazunguka mara 4 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Tuseme mota inazunguka mara 8,000 kwa dakika. Gurudumu linazunguka mara 2,000. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 27 lina mzingo wa milimita 85 hivi. Zidisha: mita 170 kwa dakika, au karibu mita 2.8 kwa sekunde. Njia yetu ya mbao ina urefu wa mita 9. Kwa hesabu hiyo mzunguko mmoja ungechukua sekunde 3 na ushei, lakini saa inasema 5. Sekunde zilizopotea zimekwenda wapi? Swali hilo lilichukua vipindi viwili, na sikuwahi kusikia darasa likigombana vile kwa sababu ya hesabu.

Mchoro ukikubaliwa unagundishwa juu ya ubao tambarare, na misumari midogo inapigwa pembeni mwa mistari ili ishike waya mahali pake. Wazungu wana ubao wa chuma wenye matundu ya vipimo kwa kazi hiyo. Misumari inatosha. Ekseli inawekwa kwanza, kwa sababu kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Isipokuwa mraba kwa mstari wa katikati, gari litakwenda kama kaa hata ulipambe vipi.

Risasi inataka usafi na joto. Waya usuguliwe, upakwe asidi ya mafundi wa rejeta, kisha pasi iguse chuma na siyo risasi, mpaka chuma chenyewe kiiyeyushe. Asidi hiyo ninaishika mimi mwenyewe, madirisha yakiwa wazi, na kazi ikiisha chasisi inaoshwa kwa maji na magadi, vinginevyo wiki inayofuata utaikuta na kutu. Mikono nayo inaoshwa kabla ya mtu kula chochote, kwa maana risasi ni sumu.

Joto linavuta chuma. Kwa hiyo kwanza unashikiza kila kiungo kwa tone dogo, unaiweka chasisi juu ya kioo cha dirisha, unabonyeza pembe zake moja moja. Ikigongagonga, imepinda. Unakiyeyusha kiungo kimoja, chuma kinajirudi chenyewe, unajaribu tena. Ikitulia kabisa ndipo unakazia viungo vyote.

Kipimo cha ulegevu ni rahisi na wanafunzi wanakipenda. Chasisi ikiwa juu ya kioo na magurudumu yake, ingiza sarafu chini ya gurudumu moja la nyuma. Tunatumia sarafu ya Tanzania, za kwetu zimekuwa adimu. Magurudumu mengine yakibaki chini, reli zinafanya kazi. Moja likining'inia, punguza reli.

Spoki nane na mbavu nne

Kijana niliyemtaja mwanzoni alizaliwa Burundi mwaka 2009, akakimbia na wazazi wake mwaka 2015, akaishi Mtendeli hadi ilipofungwa mwaka 2021, na familia ikarudi. Miaka iliyopotea njiani haikurudi naye. Anasoma chini ya umri wake, na siku za soko hakuwa akionekana. Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu alishamfuta kichwani: “Huyo ni wa baiskeli, Mwalimu. Muache aende.”

Chasisi yake ya kwanza ilikuwa na spoki nane. Aliijenga kama anavyojua kujenga keria ya baiskeli, isipinde wala isivunjike, na risasi aliimwaga kama uji. Kwenye sehemu iliyonyooka hakuna aliyemkuta. Kwenye kona ya kwanza gari lilidunda mara mbili na kutoka. Akaongeza spoki. Likatoka mapema zaidi.

Yule msichana wa fundi baiskeli alitumia mbavu nne za mwavuli tu, mbili kila upande, na spoki moja katikati. Gari lake lilikuwa la pole kwenye mnyooko, lakini halikutoka hata mara moja katika mizunguko 20, likashinda. Kijana alikaa na chasisi ya mwenzake mkononi muda mrefu, akiipinda na kuiachia. Kisha akaomba kioo na sarafu.

Ilimchukua wiki tatu. Alikata spoki moja moja, akijaribu njiani baada ya kila mkato na kuandika sekunde kwenye daftari, jambo ambalo sikumwagiza. Alipobakiza spoki mbili na mbavu mbili, gari lilishuka chini ya sekunde 5. Kisha akaongeza uzito wa kufuli upande mmoja tu, ule wa nje wa kona zetu nyingi. Nilimwuliza kwa nini. Akajibu kwamba njia yetu ina kona nne za kushoto na moja ya kulia, na hata mama yake akifunga mzigo kwenye baiskeli huangalia mteremko uko upande gani. Kwa maoni yangu uzito huo angeuweka upande wa ndani, na nilimweleza sababu. Alijaribu, akapima, na daftari lake linaonyesha tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde kwa faida ya upande wa ndani. Hakunishukuru. Alisema tu kwamba kona ya kulia sasa imekuwa mbaya.

Sitamdanganya msomaji kwamba baiskeli imeachwa. Msimu wa mawese anapotea siku mbili au tatu kwa wiki, na nyumbani kwao fedha hiyo inahitajika. Lakini siku za chasisi hakosi, na ameanza kuja mapema kwa sababu kipindi cha hesabu kinatangulia.

“Mtihani hauulizi gari”

Mwenzangu yule ana hoja yake na si ya kudharau. Mtihani wa mwisho wa ekofo hauulizi mtu kukunja spoki. Walimu ni wachache, madarasa yamejaa, na sisi tuliosoma Tanzania tayari tunasemwa kwamba tumekuja na mambo ya huko, eti kila kitu jembe na karakana.

Ninachomjibu ni kwamba mtihani unauliza uwiano, mzingo, kasi, nguvu na saketi ya umeme. Shule yetu haina maabara, na kwenye vitabu mambo hayo ni michoro. Kijana wa spoki nane hajawahi kuelewa “uwiano” ubaoni, ila anajua meno 10 kwa 40. Zaidi ya hapo sina cha kumwongezea, na hatujakubaliana. Ametukopesha hata hivyo kabati lake la kuhifadhia njia ya mbao.

Yapo pia maneno ya kisasa, kwamba siku hizi chasisi za mchezo huu zinachapwa kwa mashine, mtu anachora kwenye kompyuta na plastiki inatoka tayari. Ni kweli, na huko Ulaya wengi wanazitumia. Ila huko Marekani, tangu miaka ya 2000, wapo walioanzisha mashindano ya kumbukumbu ambayo sheria zake zinataka waya na shaba, kama zamani. Mimi niko upande wao, na si kwa sababu ya uzee. Plastiki iliyochapwa ikishindwa unachapa nyingine. Waya ukishindwa unaukata palepale, unajaribu, unajua ni kipi kilichobadilisha nini.

Wafanyabiashara wa mpakani watuletee nini

Tunajenga njia ya pili yenye mifereji miwili, ili shule nyingine za tarafa zije kushindana mwishoni mwa muhula. Mbao tumepata. Risasi ya kuchomelea na msasa tunanunua. Vinavyokosekana vinapatikana kwenye vibanda vya spea na kwa mafundi wa upande wa pili, na wasomaji wengi wa ukurasa huu huvuka huko kila wiki.

Anayepita Manyovu kwenda Kigoma, au Kobero kwenda Kabanga na Ngara, amwombe fundi wa magari visanduku vya sentaloki vilivyokufa. Mara nyingi kilichokufa ni swichi au jino la plastiki. Mota ni nzima. Njia ya kuijua ni kuigusisha betri ya pikipiki, ikizunguka pande zote mbili kwa kubadilisha nyaya, ichukue. Anayetoka Uvira akikuta redio za mkulima zilizotupwa, aziache redio, atuletee eriali, hata iliyokatika ncha, kwa kuwa mirija tunayoitaka ni ya katikati. Miavuli iliyovunjika msiivushe, tunayo ya kutosha.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa hesabu na sayansi Rumonge. Alisoma Katumba, Tanzania, na kurejea Burundi mwaka 2009.